Kwenda baharini na watoto na mahema: mwongozo wa barabara kwa familia ya Lubumbashi

Shaba ya Kolwezi na Likasi inafika baharini kwa lori: Kasumbalesa, Kapiri Mposhi, Tunduma, Dar es Salaam. Barabara hiyohiyo inaweza kupitisha familia yenye gari moja na mahema mawili, na pembeni mwake kuna mbuga ambazo watalii wa mbali hulipa ndege kuzifikia. Kutoka Lubumbashi mpaka Bagamoyo, pwani ya Tanzania, ni zaidi kidogo ya kilomita 2,000, kwenda tu.

Wazazi wenzangu hapa mjini wakisikia habari ya kulala porini na watoto, swali lao la kwanza ni simba. Simba ana nafasi ndogo sana katika safari hii. Kinachoiharibu ni karatasi pungufu mpakani, kuendesha usiku nyuma ya malori, na watoto wasiolala vizuri siku tatu mfululizo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya maneno haya ni ya karatasi, mwanga wa jua na usingizi.

1. Pima muda kabla ya kupima pesa

Msimu ni vakansi kubwa, Julai na Agosti. Mvua imekwisha, barabara za udongo ndani ya mbuga zinapitika, na majani yamekauka kiasi cha kuona wanyama. Popo wa mbuga ya Kasanka, Zambia, hutawakuta: hao huja Oktoba mpaka Desemba, mamilioni kwa mamilioni, wengi wao wakitoka misitu ya kwetu Kongo. Maua ya Kitulo juu ya Mbeya nayo ni ya wakati wa mvua. Usiwaahidi watoto vitu hivyo.

Tenga wiki tatu. Inawezekana kukimbia kwa muda mfupi zaidi, lakini hapo mtakuwa mmesafirisha watoto kama magunia. Kanuni ninayoishika ni siku moja ya kuendesha, siku moja ya kukaa, isipokuwa pale ambapo hakuna cha kukalia. Kilomita 400 kwa siku zinatosha; 500 ikiwa lami ni nzuri na mmeondoka alfajiri.

Ukiwa na siku kumi tu, acha bahari. Nenda Serenje, lala Kasanka, kisha endelea mpaka Samfya kwenye ziwa Bangweulu. Kuna mchanga mweupe kabisa pale, na mtoto wa miaka mitano hatajua kwamba maji yale si ya chumvi mpaka ayaonje. Waulize wenyeji kwanza mahali salama pa kuoga, maana mamba wapo.

2. Karatasi, miezi miwili kabla

Kila mtoto awe na pasi yake, hata yule wa kubebwa mgongoni. Mtoto anayesafiri na mzazi mmoja, au mtoto wa ndugu mnayemchukua kwa sababu amelia sana, anahitaji barua ya ruhusa ya wazazi wake iliyohalalishwa, pamoja na cheti cha kuzaliwa. Watu wa DGM, uhamiaji wetu, huiuliza, na kwa kweli tuwashukuru wanapoiuliza.

Zambia na Tanzania zote zina konsula hapa Lubumbashi. Nenda mwenyewe ukaulize habari ya viza. Usitegemee jirani aliyesafiri mwaka juzi, kwa sababu mambo yamekuwa yakibadilika tangu Kongo iingie Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Jambo moja husahaulika: Zambia mtaipita mara mbili. Ruhusa ya kuingia mara moja itawafikisha baharini na kuwaacha mpakani Tunduma wakati wa kurudi.

Kisha kuna kadi mbili za manjano, na kila moja ina kazi yake. Ya kwanza ni ya chanjo ya homa ya manjano. Kadi hiyo inaanza kuhesabika siku ya kumi baada ya sindano, na tangu 2016 inakubaliwa kwa maisha yote, kwa hiyo ile ya zamani ya baba haihitaji kufanywa upya. Mtoto mchanga hachanjwi kabla ya miezi tisa. Kwa maoni yangu huyo abaki na bibi yake mwaka huu. Ya pili ni ya bima ya gari, ya mpango wa COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika. Bima yako ya Kongo inaishia Kasumbalesa. Kadi hii ndiyo inayoivusha, na inafanya kazi Zambia na Tanzania pia. Iombe kwa kampuni yako ya bima na uhakikishe nchi zote mbili zimeandikwa au kuachwa bila kufutwa. Hailipi madhara ya gari lako mwenyewe. Gari lako likigonga mti, ni wewe na mti wako.

Kwa gari lenyewe: kadi ya usajili, vinyeti, karatasi ya kontroli tekniki, permi pamoja na permi ya kimataifa. Gari likiwa la kazi au la kaka yako, beba barua yake ya kukuruhusu kuvuka nalo mpaka. Na kwa forodha ya Kongo, DGDA, chukua karatasi ya kutoka kwa muda. Hiyo ndiyo inayothibitisha siku ya kurudi kwamba gari lilikuwa letu tangu mwanzo.

Nakala za vyote ziwe kwenye bahasha ya pili, mbali na bahasha ya kwanza, na picha kwenye simu za wazazi wote wawili.

3. Gari

Sisi tunaendesha kuume. Zambia na Tanzania wanaendesha kushoto. Wengi wetu tuna magari ya usukani wa kuume yaliyokuja kupitia Dar, na hayo huko yatakuwa nyumbani. Mwenye usukani wa kushoto hataona mbele ya lori analotaka kulipita, kwa hiyo anayekaa kiti cha mbele anakuwa macho yake, au lori halipitwi. Hatari kubwa siyo barabarani moja kwa moja. Iko kwenye kona ya kutoka kituo cha mafuta asubuhi, mkiwa na usingizi. Wape watoto kazi ya kupiga kelele "kushoto!" kila gari linapowashwa. Wataifanya kwa furaha mpaka mchoke.

Tairi mbili za akiba ikiwezekana. Jeki inayoinua gari likiwa limepakiwa, maana ile ndogo ya kiwandani mara nyingi haifanyi hivyo. Breki zikaguliwe na fundi unayemwamini, kwa sababu ya mteremko wa Kitonga, ambao tutaufikia. Pembetatu mbili, kizimamoto, na vibandiko vya kuakisi mwanga, vyeupe mbele na vyekundu nyuma. Polisi wa barabarani wa nchi hizo mbili huvitafuta kabla ya kukusalimia vizuri.

Abiria wawe sawa na mikanda. Najua familia zetu. Habari ikishasambaa, shangazi mmoja atasema yeye ni mwembamba.

4. Laleni kwenye parseli kwanza

Usiku wa Julai Lubumbashi ni baridi, na huo ndio mtihani mzuri. Simamisha mahema nyumbani kwenye parseli, laleni humo usiku mzima bila kurudi ndani, muone nani anaogopa, zipu gani inakwama, na nani anaamka kukojoa. Sehemu kubwa ya njia iko juu: Serenje karibu mita 1,400, Mbeya na Iringa juu zaidi, na Makambako upepo unakata. Watu hubeba nguo za baharini wakasahau kwamba bahari ni siku za mwisho. Baridi ya hema inatoka chini. Weka turubai, kisha mkeka, kisha godoro jembamba, ndipo blanketi. Blanketi mbili juu bila kitu chini ni bure.

Mahema mawili madogo ni bora kuliko moja kubwa, kwa sababu watoto wakigombana wanatenganishwa. Milango itazamane. Chandarua kiwe kizima, kwa sababu pwani kuna malaria kama kwetu au kuzidi. Mwone daktari kuhusu dawa ya kinga, hasa kwa walio chini ya miaka mitano na mama mjamzito.

Nguo za mchana porini ziwe za rangi ya udongo au majani makavu. Mbung'o hufuata rangi ya buluu na nyeusi, na Saadani, mbuga ya pwani, mbung'o wapo. Sare za shule za buluu zibaki nyumbani.

5. Chakula

Usibebe unga. Kupeleka unga wa bukari Zambia ni kuchekesha maofisa wa mpakani. Wao wamezoea kuuona ukija kwetu. Mahindi yapo njia yote, na jina tu ndilo litabadilika. Beba kapenta zilizokaushwa vizuri, makayabo, mafuta, chumvi, na sombe iliyosagwa ya siku mbili za kwanza. Nyama mbichi usivuke nayo mpaka, na nyama ya porini usiinunue popote, hata ikiuzwa wazi barabarani. Hiyo inaweza kumaliza safari polisi.

Jiko dogo la gesi kwa chai ya alfajiri, mbabula kwa chakula cha jioni. Makala mnanunua njiani kila kijiji. Kuni msiokote ndani ya mbuga. Bidoni mbili za lita 20 za maji zijae kila mara mnapoondoka mjini.

Mifuko ya plastiki imalizeni kabla ya Tunduma. Tanzania imeipiga marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, na mgeni anatakiwa kuiacha mpakani. Vikapu na mifuko ya kitambaa vinatosha.

6. Kasumbalesa

Kutoka mjini ni chini ya kilomita 100, kwa hiyo fika mapema asubuhi, watoto wakiwa wameshakunywa chai. Foleni ya malori inaweza kuanza mbali sana na mpaka; magari madogo huyapita pembeni, lakini polepole, kwa sababu kuna shoferi wanaolala chini ya malori yao na wachuuzi wanaotoka katikati ghafla.

Upande wetu: DGM kwa pasi, watu wa ijiyeni kwa kadi za chanjo, DGDA kwa gari. Upande wa Zambia: uhamiaji, kisha forodha kwa kibali cha muda cha gari, kisha ushuru wa kaboni, ada ya barabara na ya halmashauri. Vijana watakuzunguka wakitaka kukusaidia. Ukitaka msaidizi, chagua mmoja, mpatane bei mbele ya mwenzako, na pasi zisitoke mkononi mwako. Mzazi mmoja ashughulike na madirisha, mwingine akae garini na watoto, milango imefungwa. Kila risiti itunzwe. Polisi wa Chingola wataitaka, na wale wa Nakonde, kwenye mpaka wa Tanzania, pia.

Msipange kulala hemani siku hii. Mpaka umeshawamaliza. Chukueni nyumba ya wageni Kitwe au Ndola, mle kuku, mlale. Wenye nguvu bado wanaweza kukata magharibi Chingola kwenda Chimfunshi, kando ya mto Kafue, ambako sokwe walionyang'anywa wauzaji wanatunzwa tangu 1983, baadhi yao waliotoka kwetu. Kuna mahali pa kupiga hema. Watoto wangu waliuliza maswali magumu pale kuliko waliyouliza kokote.

7. Zambia: msiipite kama bomba

Baada ya Kapiri Mposhi mnaingia barabara kuu ya kaskazini, na reli ya TAZARA inakwenda nanyi, mara kuume mara kushoto, mpaka Mpika; mtaikuta tena Nakonde. Hali ya lami hubadilika kila mwaka, hasa kati ya Serenje na Chinsali. Habari sahihi iko kwa shoferi wa malori. Waulize kwenye kituo cha mafuta, wale wanaotoka mbele siyo wale mnaokwenda nao upande mmoja.

Mashimo yanavumilika mchana. Usiku huwezi kuyaona, wala lori lililoharibika lisilo na taa, wala baiskeli yenye gunia la makala. Saa mbili kabla ya jua kutua, mwe mmefika au mwe mnatafuta pa kulala. Hili halina msamaha.

Kutoka Serenje mnaweza kuchagua. Kasanka iko kwenye barabara ya lami ya kwenda Samfya na Mansa, inayochepuka kushoto kaskazini ya Serenje. Ni mbuga ndogo, na kwa familia hiyo ni faida: mtoto hachoki garini kabla ya kuona kitu. Kuna jukwaa juu ya mti linaloangalia kinamasi, na alfajiri mnaona nzohe, swala wa majini ambaye kwato zake ndefu zimeumbwa kwa kutembea kwenye matope. Panda na chupa ya chai na kanuni ya kutosema.

Mbele ya Kasanka, kwa barabara ya udongo, kuna mnara wa Chitambo. David Livingstone alikufa pale tarehe 1 Mei 1873. Wenzake wa safari, Chuma na Susi wakiwa mbele, walizika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili na kuubeba kwa miguu mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Waambie watoto habari hiyo hapo, wala msiimalize. Mtaimalizia mkifika mwisho wa njia, kwa sababu mnakwenda kulekule. Kwa mtoto wa miaka kumi aliyechoka garini, kujua kwamba kuna watu waliitembea nchi hii miezi tisa wakiwa na mzigo ule kunanyamazisha malalamiko mengi.

Asiyetaka kuchepuka mbali aende Kundalila karibu na Kanona. Maporomoko ya karibu mita 70, bwawa chini yake, na nafasi ya kupiga hema. Shika watoto mkono kule juu, hakuna ukuta.

Kisha, kati ya Mpika na Chinsali, Kapishya. Maji ya moto yanatoka mchangani, safi, chini ya michikichi ya rafia, kiasi cha joto la kuoga mtoto. Baada ya siku za vumbi na baridi hakuna dawa nyingine. Kaeni siku mbili. Karibu na hapo kuna Shiwa Ng'andu, jumba kubwa la matofali ambalo Mwingereza Stewart Gore-Browne alilijenga miaka ya 1920 katikati ya pori. Linatembelewa, lakini wangu walipendelea maji, na sikubishana nao.

8. Tunduma na milima

Nakonde na Tunduma ni mji mmoja uliokatwa na mpaka. Siku hizi kazi ya nchi zote mbili inafanyika mahali pamoja, kwa hiyo ni haraka kuliko zamani, ila malori ni mengi. Saa inasogea mbele kwa moja. Mkifika mchana mmeshapoteza saa ya mwanga, basi ondokeni mapema zaidi ya mlivyozoea. Badilisheni kwacha zilizobaki, nunueni laini ya simu kwa pasi. Hapa watoto watagundua kwamba wanaelewana na kila mtu, na kwamba watu wanatabasamu wakisikia Kiswahili chetu. Waache waagize chai wenyewe.

Tanzania ina sheria moja itakayowagharimu kama hamkuisikia: kila kijiji kina alama ya 50, na polisi mwenye kamera yuko kivulini. Shika 50 mpaka uone alama ya kuifuta, hata kama kijiji kimekwisha machoni pako na basi linakupigia honi nyuma.

Mbeya lala, pumzika, nunua parachichi. Kesho yake endelea mpaka karibu na Iringa. Kabla ya mji kuna shamba la Kisolanza lenye uwanja wa mahema, maji ya moto na mboga zao. Si mbali na hapo ni Isimila, bonde la nguzo za udongo zilizochongwa na mvua, ambamo zana za mawe za watu wa kale zimelala chini kama zilivyoachwa. Zinaangaliwa, haziokotwi.

Baada ya Iringa ni Kitonga. Barabara inashuka ukingoni mwa mlima kwa kona nyembamba, malori yamejaa, na mengine yananuka breki kabla hujayaona. Weka gia ya chini tangu juu, uiache injini ishike gari. Mguu wa breki uguse na kuachia tu. Usipite lori hata moja. Huko chini joto linabadilika ghafla, mibuyu inaanza, nguo za baridi zinavuliwa.

9. Mikumi, na jinsi ya kulala ambako wanyama wanalala

Barabara kuu inakata mbuga ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi, kwa hiyo mtaona twiga na pundamilia kabla ya kulipa chochote. Msisimame ovyo, msishuke, msitupe maganda ya ndizi. Mwendo umewekewa kikomo na anayegonga mnyama hulipa faini kwa aina ya mnyama.

Ingieni ndani hata hivyo, kwa usiku mmoja au miwili. Malipo ya mbuga za TANAPA, shirika la hifadhi za taifa la Tanzania, si ya pesa taslimu. Andaa kadi ya benki au malipo ya simu kabla ya kufika getini. Toa pasi na uulize kiwango cha raia wa Afrika Mashariki, kwa sababu tofauti na kiwango cha mgeni wa mbali ni kubwa. Uliza pia kibali kinaanza kuhesabiwa saa ngapi, ili usilipe siku ya pili kwa kuchelewa kutoka kidogo.

Usiku kambini kuna kanuni chache ambazo kwangu hazijadiliwi. Chakula chote, dawa ya meno na sabuni vinalala garini. Zipu zinafungwa mchana na usiku, kwa sababu mwizi wa kwanza ni tumbili na wa pili ni nyani, na nge anapenda kiatu. Giza likiingia hakuna mtoto anayetoka peke yake; ndoo yenye kifuniko ndani ya hema inamaliza habari ya choo. Fisi atalia, mara nyingi karibu. Waambieni mapema atalia vipi. Mtoto aliyeambiwa anasikiliza. Asiyeambiwa anaamsha kambi nzima. Tembo akipita, kaeni kimya ndani, msimulike tochi.

Kama watoto ni wakubwa na miguu inawasha, Udzungwa iko kusini ya Mikumi, kwa Mang'ula. Huko hakuna kuzunguka kwa gari. Mnapanda kwa miguu na mwongozaji mpaka maporomoko ya Sanje, mita 170, na mtalala kama mawe.

10. Bahari

Msiingie Dar. Morogoro, Chalinze, geuka kaskazini mpaka Msata, kisha lami ya mashariki mpaka Bagamoyo. Mtaepuka foleni za siku nzima, na bahari itawatokea bila ghorofa mbele yake.

Bagamoyo malizieni hadithi. Kwenye misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, iliyoanza 1868, bado upo mnara ambamo mwili wa Livingstone ulilazwa usiku mmoja kabla ya kuvushwa Zanzibar. Lakini mji huu ni wetu pia kwa njia nyingine: huku ndiko misafara ya bara ilikuwa ikimalizikia, na pembe za tembo zilizokusanywa Bunkeya, kwetu Katanga, enzi ya mfalme Msiri ziliuzwa kwa wafanyabiashara wa pwani hii. Magofu ya Kaole, ya tangu karne ya 13, yako kilomita chache kusini.

Kisha Saadani, mbuga pekee ya TANAPA inayogusa Bahari ya Hindi. Mnapiga hema karibu na mchanga. Asubuhi kuna nyayo za ngiri na nguchiro juu ya nyayo zenu. Barabara yake ina udongo mweusi unaonasa gari mvua ikinyesha, hata ya siku moja, kwa hiyo piga simu getini kabla ya kuondoka Bagamoyo. Kodini mashua kwenye mto Wami: viboko, mamba, na ndege wengi. Upande wa kaskazini, Madete, kasa wa kijani hutaga mayai.

Sasa maji yenyewe. Sisi wa Katanga tunajua mito na maziwa; hatujui maji yanayoondoka. Bahari hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na kila siku inachelewa kwa karibu dakika 50, kwa hiyo saa ya jana si saa ya leo. Mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, tofauti ni kubwa zaidi: maji yanarudi nyuma mbali kabisa, kisha yanakuja kwa haraka. Hema lisipigwe chini ya mstari wa majani makavu yaliyoachwa na maji. Wavuvi wa kijiji cha Saadani watakwambia saa za leo. Waulize kila asubuhi kabla ya mtoto yeyote kulowa.

Kuogelea ni maji yakiwa yanajaa, siyo yanapotoka, kwa sababu yanapotoka yanavuta. Mtu mzima asimame upande wa bahari, watoto wawe kati yake na nchi kavu. Mdomo wa Wami msiukaribie hata kwa kutazama tu. Mamba hawajui mpaka wa mto na bahari. Viatu vya mpira miguuni. Kofia vichwani, kwa sababu upepo wa pwani unaficha ukali wa jua mpaka usiku mabega yanapoanza kuwaka.

Makombe na vipande vya matumbawe vibaki ufukweni. Ndani ya mbuga kuchukua chochote ni kosa, na nje yake forodha inaweza kuvitakia kibali. Watoto wachore walivyoviona.

11. Kurudi

Rudini kwa haraka kidogo: Mikumi, Iringa, Mbeya, Kapishya tena kama kuna nguvu, Kapiri, nyumbani. Mafuta ya gari, tairi na breki vikaguliwe Morogoro kabla ya kupanda Kitonga. Unga wa Zambia utawavutia kwa bei. Ulizeni kwanza kama kuuvusha kunaruhusiwa wakati huo, kwa sababu Zambia hufunga na kufungua.

Kasumbalesa, kibali cha muda cha Zambia kirudishwe dirishani na kigongwe muhuri wa kutoka. Upande wetu, karatasi ya DGDA ionyeshwe kabla hujaulizwa. Mtoto akipata homa wiki chache zinazofuata, apimwe malaria siku hiyohiyo, na daktari aambiwe kwamba alikuwa pwani.